Kiraka cha ndege ya mtumba: aliyekiidhinisha anatambulika kwenu?

Mnunuzi wa ndege ya mtumba kwanza huuliza saa za injini. Sisi tunaowakagulia wanunuzi huanza na viraka, yaani mabamba yaliyopigwa kufunika sehemu za bodi zilizoharibika. Injini inang'olewa na kubadilishwa. Kiraka kilichopigwa kwenye bodi miaka 15 iliyopita kitakufuata hadi siku unapoomba cheti cha kustahili kuruka, na hapo mkaguzi atataka kujua ni nani aliyeidhinisha usanifu wake.

"Fundi alisaini" ndilo jibu tunalolisikia kila mara, na halitoshi. Saini ya fundi inasema kazi imefanywa kama mchoro unavyotaka. Kama mchoro wenyewe una nguvu ya kutosha, hilo ni suala la mtu mwingine.

Kwa viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, matengenezo ya ndege lazima yatimize masharti yanayokubalika kwa nchi ilikosajiliwa. Ukihamisha usajili, jukumu la kuyakubali nalo linahamia nchi mpya. Ndiyo maana mamlaka mpya yaweza kuikataa karatasi ambayo ile ya zamani iliipokea bila neno.

Kiraka kilichofuata mwongozo wa mtengenezaji wa ndege kwa kawaida hakina ugomvi, mradi sura na toleo la mwongozo vimeandikwa. Kizaazaa huanza pale uharibifu ulipovuka mipaka ya mwongozo, mhandisi wa nje akachora suluhisho lake.

Chukua ndege inayotoka Marekani. Utakabidhiwa fomu 337, ile ya matengenezo makubwa, ukurasa umejaa, mihuri ipo. Tazama kisanduku cha 3. Kikiwa tupu, mkaguzi wa FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) hakuidhinisha chochote pale; idhini itafutwe kwingine, mara nyingi kwenye fomu 8110-3 ya mhandisi aliyekasimiwa madaraka ya kuidhinisha na FAA. Nayo isome hadi chini: kuna mahali pa kuonyesha "naidhinisha" na mahali pengine pa "napendekeza iidhinishwe." Pendekezo si idhini, na tumewahi kuona muuzaji akiapa kwamba ni kitu kimoja. Kwa ndege kubwa, yawezekana pia idhini iligusa tu uwezo wa kiraka kubeba mzigo, hesabu za uchovu wa metali (inavyodhoofika kwa kubeba mzigo tena na tena) zikiahidiwa ndani ya miezi 12. Je, zilikuja?

"Lakini Ulaya wanazikubali karatasi za FAA." Kweli, kwa masharti, tena hasa kwa ndege zilizobuniwa Marekani, kwa sababu pande hizo mbili zina makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 2011. Wewe unayesajili kwingine huwezi kujibanza humo. Ni lazima nchi yako iwe na makubaliano yake, au kanuni yake inayotamka kwamba inazipokea.

Anayeona huu ni urasimu mtupu aikumbuke safari namba 611 ya China Airlines. Mwaka 1980 Boeing 747 hiyo iliburuza mkia wakati wa kutua. Kiraka kikapigwa, ila mikwaruzo haikuondolewa na kiraka hakikuifunika yote inavyotakiwa. Ufa ukakua chini yake kwa miaka 22. Tarehe 25 Mei 2002 ndege ilivunjika angani na watu wote 225 wakafa. Kwenye kumbukumbu, kazi ile ilikuwa imekamilika.

Kwa hiyo tunaizunguka ndege na chati ya mibonyeo, mchoro unaoonyesha kila kibonyeo na kiraka cha bodi, mkononi, tukilinganisha kila bamba na karatasi yake. Wakati mwingine mchoro wa kiraka unaonyesha safu tatu za ribiti, vile vipini vya kuunganishia mabamba. Kwenye bodi ziko mbili. Au kiraka kipo, chati haikijui.

Kiraka kikikosa idhini inayokubalika, hesabu zinarudi kwa mtengenezaji au kwa mbunifu anayetambuliwa na mamlaka yako, la sivyo kinabanduliwa na kupigwa upya. Ribiti zikishatolewa, mashimo huhitaji kukaguliwa, na mara nyingine hapo ndipo ufa unapoonekana. Gharama hiyo tunapenda iandikwe kwenye mkataba kuwa ya muuzaji, na hilo linawezekana tu kabla hujalipa amana. Tutumie chati na fomu zote za matengenezo makubwa, nakala za pande zote mbili; kwenye fomu 337 maelezo ya kazi yenyewe yako nyuma, na wauzaji hupenda kutuma upande wa mbele peke yake.