Wageni wa Kila Jumapili: Barua ya Wazi kwa Afisa Michezo wa Manispaa Yetu

Ndugu Afisa Michezo,

YAH: CHOO, UZIO WA BOMBA NA UPANDE WA WAGENI KATIKA UWANJA WA KATA YETU

Salaam. Mimi ni katibu wa mashabiki wa timu ya mtaa wetu, inayocheza ligi ya wilaya. Kazi yangu ni kukusanya michango ya nauli, kukodi Coaster tunapokwenda ugenini, na kuhesabu watu tunapoondoka ili tusimwache mtu. Nimeifanya miaka tisa. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye mkutano wa kata tuliambiwa uwanja wetu umetengewa fedha kutoka mapato ya ndani, na kwamba kazi itaanza na jukwaa lenye paa na viti kwa ajili ya mgeni rasmi.

Nakuomba isianze hapo.

Mwezi uliopita tulikwenda kucheza kata nyingine, humu humu Dar es Salaam. Tulikuwa watu 31, wanawake 12. Tumekaa kwenye foleni saa moja na nusu, na mwanamke akishuka kwenye gari baada ya hapo, kitu cha kwanza anachotafuta si kiti. Uwanja ule hauna choo. Wanaume waligeukia ukuta wa shule, sisi wanawake tukaanza kugonga mageti ya watu. Mama mmoja mwenyeji, amejifunga kanga juu ya jezi ya timu yao, akatufungulia. Choo cha uani, mlango wa bati, ndoo moja ya maji na kopo la rangi lililokatwa mdomo. Tulipanga foleni wote 12. Mara mbili akamtuma mwanawe bombani kujaza ndoo, na hakupokea hata mia yetu. Tuliporudi uwanjani mpira ulishaanza. Goli letu la kwanza tulilisikia kwa kelele tukiwa bado uani kwa watu.

Mstari wa pembeni ulikuwa umechorwa kwa chokaa asubuhi ile. Kufika dakika ya 20 hauonekani, miguu ya watazamaji imeshaufuta. Mshika kibendera anakimbilia ndani ya uwanja, akirudi nyuma hatua moja anakanyaga watoto waliokaa chini. Anayetaka kurusha mpira anaomba njia kama mtu anayeshuka kwenye daladala iliyojaa. Dakika ya 67 winga wetu na beki wao walikimbizana na mpira mpaka nje, wakashindwa kujizuia, wakaingia kwenye watu. Walipoinuka, chini yao alikuwepo mtoto wa miaka saba hivi. Mkono wake ulikuwa umepinda chini ya kiwiko. Hakulia mara moja, aliutazama tu, kama wa mtu mwingine. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, mama yake amempakata nyuma ya dereva.

Yaliyofuata wewe mwenyewe umeyaona mara nyingi kwenye ripoti za makamisaa wa mechi. Wenyeji walisema winga kakusudia. Yakaanza maneno, yakafuata mawe, refa akavunja mchezo. Sisi tulikuwa tumesimama upande wa pili wa uwanja, gari letu liko huku, katikati yetu na gari ni mashabiki wao wote. Aliyetuvusha ni yule yule mama wa choo: aliwapitisha wanawake na wazee uani kwake, tukatokea barabara ya nyuma. Nilihesabu watu kwenye gari kwa sauti inayotetemeka. Wakatimia 31. Kioo cha nyuma cha Coaster tulikilipa kwa michango.

Sitaitaja kata ile, kwa sababu kwetu hakuna nafuu. Timu ngeni zikija, wanawake wao huenda kuomba choo cha msikiti, na kama ni saa ya swala inabidi wasubiri. Vijana wetu nao husogea mpaka juu ya mstari. Mwaka jana golikipa wa wageni alitemewa mate na mtu aliyekuwa nyuma ya nyavu, karibu naye kuliko beki wake mwenyewe. Nilikuwepo, nikaona aibu, na sikuwa na la kumwambia yule kijana.

Jumapili iliyopita tuliupima uwanja wetu kwa futi kamba ya fundi. Urefu ni mita 96, upana mita 58. Sheria ya kwanza ya mpira wa miguu inataka urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo tuko ndani ya sheria na eneo linatutosha. Tukirudi mita mbili nje ya mstari kila upande, mzunguko wote ni mita 324. Nguzo moja kila baada ya mita tatu, jumla nguzo 108, na juu yake bomba moja la chuma linalofika kiunoni. Mafundi wa kuchomelea tunao barabarani hapo hapo, watatu kati yao ni mashabiki wetu. Wameniambia wako tayari kufanya kazi kwa posho ya chakula kama Manispaa italeta bomba, saruji na vijiti vya kuchomelea. Niliwauliza mara mbili, na mara zote mbili walikubali.

Nasema bomba, sisemi ukuta. Ukuta una geti, geti lina kufuli, na kufuli lina mtu mwenye ufunguo ambaye Jumapili simu yake haipatikani. Tumeona viwanja vya wazi vikizungushiwa ukuta kwa nia njema, na baada ya mwaka watoto wa mtaa wanachezea barabarani. Tena siku ya vurugu, ukuta wenye geti moja unaweza kuua watu. Uingereza, kwenye viwanja vya timu ndogo za madaraja ya chini kabisa, watu husimama wameegemea reli ya chuma ya namna hii, hatua chache tu kutoka kwa mchezaji. Wapo wanaohama goli wakati wa mapumziko ili wakae nyuma ya lango ambalo timu yao inashambulia. Mpira wanauona vizuri, na mchezaji ana pa kukimbilia.

Choo nacho kiwe na matundu ya wanawake peke yao na maji. Kuhusu upande wa wageni sidai viti wala paa: naomba tu upande unaojulikana, ule wa barabarani, gari lao likae nyuma yao na njia ya kutokea isipite katikati yetu. Hilo la mwisho halina hata gharama, ni kupanga tu na kumweka mgambo mmoja.

Najua hoja ya jukwaa. Mgeni rasmi akija hatuwezi kumkalisha kwenye kiti cha plastiki cha kuazima kwa mama lishe, na mgeni huheshimiwa. Nakubali. Lakini mgeni rasmi huja siku ya fainali, mara moja kwa mwaka, akakaa dakika 90, akakabidhi kombe. Wageni wengine huja kila Jumapili ya msimu, wamejichangisha nauli wenyewe, wanaimba tangu wanashuka kwenye gari. Hao nao ni wageni wa kata yetu.

Agosti 2, 2025 nilikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Taifa Stars ilipoifunga Burkina Faso 2-0 kufungua Chan, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Nilikwenda chooni, nikanawa, nikarudi kwenye kiti changu bila kukosa chochote. Nilikaa nikafikiri: kumbe inawezekana mwanamke akaangalia mpira hivi. Na sasa tumepewa uenyeji wa Afcon, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, fedha nyingi zinakwenda kwenye viwanja vikubwa, na mimi nafurahi. Ila mashabiki watakaojaza viwanja hivyo hujifunza ushabiki mchangani. Tangu Ndondo Cup, mashindano ya timu za mitaani, ianze mwaka 2014, kila mtu hapa mjini ameona watu wanavyopanda miti na mapaa ya nyumba kuangalia mechi za mtaani.

Kila viongozi wakizungumzia viwanja vya mtaa hutaja vipaji, na humtaja Mbwana Samatta, aliyeanzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, kisha Simba, TP Mazembe ya Congo, Genk ya Ubelgiji, hadi Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Ni haki yake kutajwa. Lakini juu yetu kuna ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League na Championship, ndipo uione Ligi Kuu. Wengi wa vijana wetu hawatafika huko, na mimi na wenzangu 30 wa kwenye Coaster hatutaucheza mpira kabisa. Uwanja ni wetu pia. Ni wa mzee wetu wa ngoma mwenye miaka 70, ni wa muuza mihogo, ni wa yule mtoto, ambaye nimeambiwa ameshafunguliwa plasta.

Jumapili ijayo tunacheza nyumbani saa kumi jioni. Nakuomba uje saa tisa, bila gari la ofisi ukiweza, usimame upande wa shule, mahali wageni wanaposhukia. Nitakuwa pale na futi kamba, na mafundi wote watatu watakuwepo.

Wako katika michezo,

Katibu wa mashabiki, timu ya mtaa