Barua kwa Rafiki Aliyeunguliwa na Nyumba

Rafiki yangu mpendwa,

Pole sana kwa msiba huu uliokupata wewe na familia yako. Nimeisoma barua yako kwa uchungu, na namshukuru Mungu kwamba nyote mlitoka salama. Umeniuliza kama una haki yoyote kisheria dhidi ya jirani ambaye fundi wake alikuwa akichomelea vyuma vya paa saa chache kabla ya moto kuonekana. Haki unayo, lakini itasimama au kuanguka kwa yale yaliyomo ndani ya kifusi, na ndiyo maana nimeona nikujibu bila kuchelewa.

Nakusihi usimruhusu mtu yeyote kusafisha eneo lile kwa sasa. Jirani amejitolea kuleta watu wa kuzoa kifusi kwa gharama yake, na huenda nia yake ni njema kabisa, ila kifusi hicho ndicho ushahidi wako. Mchunguzi wa moto hutambua mahali moto ulipoanzia kwa kuangalia alama ulizoacha ukutani, kina cha kuungua kwa mbao na hali ya nyaya za umeme, na hayo yote hupotea mara koleo linapoingia. Piga picha za kila upande, kwanza kwa mbali kisha kwa karibu, hasa pale paa lenu lilipopakana na la jirani. Omba nakala ya ripoti ya zimamoto, na waombe wote waliomwona fundi akifanya kazi waandike walichokiona kabla kumbukumbu zao hazijachanganyika na maneno ya watu. Mtafute mtaalamu huru mapema, na jirani naye umpe taarifa ya ukaguzi kwa maandishi, asije akadai baadaye kwamba alinyimwa nafasi ya kukagua.

Nasisitiza hivi kwa sababu mahakama haitaridhika kuambiwa kwamba fundi alikuwapo na moto ukatokea. Katika shauri la uzembe, mdai hutakiwa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, kwamba hakuutimiza, na kwamba kutoutimiza huko ndiko kulikoleta hasara. Wajibu wa mtu anayewasha moto kando ya nyumba ya mwenzake si vigumu kuuonyesha. Mvutano utakuwa juu ya chanzo, kwani upande wa pili bila shaka watasema ni hitilafu ya umeme ndani ya nyumba yako. Hata hivyo, katika nchi nyingi kesi ya madai huamuliwa kwa kupima ni lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, kiwango ambacho ni chepesi kuliko kile cha jinai; kwa hiyo hata kama fundi hatashitakiwa na polisi, mlango wako wa kudai fidia haujafungwa.

Kuhusu tahadhari yenyewe, umeniandikia kwamba fundi alifunga vifaa vyake akaondoka mara tu alipomaliza. Hilo ni jambo zito, kwa kuwa cheche iliyoingia darini huweza kufukuta muda mrefu kabla ya kuwaka. Kanuni za Marekani za kuzuia moto wakati wa kuchomelea, ziitwazo NFPA 51B, hutaka vitu vinavyoweza kuungua viondolewe au vikingwe hadi umbali wa mita 11 hivi, na tangu toleo la 2019 hutaka mtu abaki akilinda kwa saa moja baada ya kazi kwisha. Kanuni hizo si sheria kila mahali, lakini zinasaidia kuonyesha fundi makini angefanya nini.

Nani wa kumdai? Fundi ndiye wa kwanza, ingawa huenda hana cha kulipa. Kwa jirani, mambo ni magumu zaidi, maana kwa kawaida mtu hawajibiki kwa uzembe wa mkandarasi huru aliyempa kazi, yaani fundi anayejitegemea asiye mwajiriwa wake. Huko Uingereza, katika kesi ya Honeywill iliyoripotiwa mwaka 1934, waliowakodi wapiga picha waliounguza pazia la ukumbi wa sinema kwa mwanga wa magnesi walibebeshwa lawama kwa kuwa kazi ilikuwa ya hatari ya pekee; lakini mwaka 2008, katika kesi ya Biffa iliyohusu uchomeleaji, Mahakama ya Rufani iliibana sana kanuni hiyo. Mimi nisingeitegemea. Ningeuliza kama jirani mwenyewe alimchagua mtu asiye na ujuzi, au aliiona hatari akanyamaza.

Ikiwa nyumba ina bima, toa taarifa leo, na usitie saini karatasi yoyote ya kumsamehe jirani. Kampuni ya bima ikishakulipa, hupata haki ya kusimama mahali pako na kumdai aliyesababisha hasara; ukiiharibu haki hiyo kwa msamaha, inaweza kukataa kukulipa. Mwulize jirani pia kama yeye au fundi ana bima inayolipia madhara kwa watu wengine.

Tunza risiti za makazi ya muda, matibabu na vitu mlivyolazimika kununua upya. Wakili umwone mapema, na swali lako la kwanza liwe muda wa ukomo wa kufungua shauri, kwa maana hutofautiana kati ya nchi na nchi, na ukipita, hata ushahidi mzuri hautakusaidia. Suluhu nje ya mahakama inawezekana na mara nyingi huhifadhi ujirani, mradi usikubali kiasi chochote kabla hasara yote haijatathminiwa.

Ile karatasi uliyoniandikia kwamba jirani amekuletea, nitumie nakala yake kabla hujaijibu, nasi tutaipeleka pamoja kwa wakili.

Wako akupendaye.