Mwanangu, hati unayo?

Mwanangu,

Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili. Kumbe Jumatatu unaanza kazi ya boti pale Itungi, Ziwa Nyasa, na tajiri wako ana wateja wa dagaa hadi Nkhata Bay, Malawi. Nimefurahi, tena sana. Lakini hati ya kusafiria unayo? Nijibu hilo kabla ya salamu.

Huko mtakakopita hakuna jiwe la mpaka. Waingereza na Wajerumani waliandikiana tarehe 1 Julai 1890 kwamba mpaka ufuate ufukwe wa upande wetu, na Malawi inashikilia hapohapo. Sisi Watanzania tunasema ni katikati ya maji. Mwaka 2012 maneno yalipamba moto hadi marais wastaafu wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji wakaombwa kusuluhisha, na hayajaisha. Sasa wewe ukikutwa majini bila karatasi, utamwambia nani kwamba ulikuwa kwenu? Darasani ulikuwa wa kwanza, lakini kusikia la mkubwa hujawahi.

Mkataba uleule ndio ulioufanya Songwe kuwa mpaka, mto ambao kila mafuriko makubwa unajichimbia njia mpya. Unadhani lile shamba letu la mpunga lilisombwa na maji. Halikusombwa. Mto ulihama, shamba likabaki ng'ambo, nami nikawa navuka alfajiri kulima bila kibali. Faini niliyolipa siku ile ndiyo iliyokuwa ada yako ya muhula wa pili. Nilikuambia bei ya mpunga imeanguka. Basi, hayo yamepita.

Safari ikiwa ya ng'ambo, panda basi upite mpakani Kasumulu, ugongewe muhuri, mzigo utangulie na wenye vibali. Tajiri akisema "twende tu, ziwa ni letu sote," shuka. Kazi nyingine itapatikana. Hati huna? Usiingie botini Jumatatu.

Kakao imeanza kuiva, na mikono ya kuvuna ni yangu na ya mama yako tu. Paa la jiko linavuja upande wa mafiga, hela ya kwanza utakayopata tununulie bati mbili. Mdogo wako anauliza kama atarithi kitanda chako, nimemwambia asubiri.

Koti lako la mvua umelisahau nyuma ya mlango. Kesho nampa kijana wa bodaboda akuletee. Mfukoni nimeweka mfuko wa nailoni, ni wa kufungia hati isilowe.

Baba yako