Barua ya Wazi kwa Waziri Anayesimamia Uvuvi: Mwachie Ningu Njia Yake

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Bunyala, kaunti ya Busia, pale mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Nakuandikia kuhusu ningu, samaki wa ziwa hili anayepanda mito kwenda kutaga, na kumkumbuka mtu ambaye huku kwetu hakuna barabara wala shule iliyopewa jina lake, ingawa alieleza mambo ya mito yetu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Aliitwa Peter Whitehead, Mwingereza, mwanabiolojia wa samaki aliyefanya kazi hapa Kenya katika miaka ya 1950.

Mwaka 1959 Whitehead alichapisha makala mawili yanayotuhusu moja kwa moja. La kwanza lilihusu uvuvi wa mitoni katika mkoa wa Nyanza wa wakati huo. La pili lilihusu samaki wa Ziwa Victoria wanaoacha maji ya ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Aliwatenganisha kwa safari zao: wapo wanaokwenda mbali mtoni, na wapo wanaoishia karibu, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Ukishalielewa hilo, huwezi tena kuzungumzia uvuvi wa ziwa ukaacha mito kando. Samaki anayevuliwa ufuoni huenda alizaliwa juu kabisa, penye mashamba ya watu wasiowahi kuliona ziwa.

Baadaye alirudi London akafanya kazi kwenye jumba la makumbusho la historia ya asili, akawa bingwa wa jamii ya dagaa wa baharini. Huyu ni mtu aliyetafuta kwa miaka mingi michoro ya wanyama na samaki wa Brazili ya karne ya 17, iliyopotea Berlin wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hadi ikapatikana katika maktaba ya Kraków, Poland, pamoja na miswada ya muziki ya Mozart na Beethoven. Alitaka kuiona michoro ya samaki kwa macho yake mwenyewe. Nakutajia haya ili ujue tunamzungumzia mtu wa aina gani. Mtu wa namna hiyo akikuandikia kwamba samaki fulani hupanda mto fulani msimu fulani, ni vizuri kumsikiliza.

Ningu ndiye ninayemlilia. Ukimshika mkononi utaona mdomo wake umetazama chini, midomo minene, maana chakula chake hukikwangua mawe na tope. Mvua ikinyesha Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any, Nzoia hugeuka rangi ya udongo na kujaa. Hapo ndipo ningu hukusanyika mlangoni mwa mto na kuanza kupanda, majike wakiwa na matumbo yaliyojaa mayai. Wazee wetu waliukatiza mto kwa uzio wa matete na kutega migono. Walivua sana, lakini mto ukifurika maji yalipita juu ya uzio, na samaki wakapita nayo. Kina mama walimpasua mgongoni, wakamkausha kwa moshi, akafika masoko ya mbali. Mifupa yake midogo ni mingi, mtoto hufundishwa kumla taratibu, lakini mayai yake yaligombaniwa mezani.

Leo ukiulizia ningu sokoni, muuzaji atakuonyesha sangara, mbuta kama tunavyomwita, au omena, yaani dagaa wa ziwani. Na ukiuliza ningu alikwenda wapi, utaambiwa aliliwa na mbuta. Mheshimiwa, jibu hilo linatuondolea lawama upesi mno. Mwaka 1965 mtaalamu mwingine, Cadwalladr, aliandika kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu na jinsi mitego ya asili ya mto Nzoia ilivyokuwa ikififia. Mbuta alilitawala ziwa katika miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshapungua miaka ishirini kabla. Kilichommaliza ni nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, zilizowekwa milangoni mwa mito wakati majike wanapanda, kabla hata yai moja halijatagwa. Kwa habari ya mbuta mwenyewe, Geoffrey Fryer, mtaalamu wa viumbe wa majini aliyefanya kazi Jinja, Uganda, aliandika mwaka 1960 akionya asipandikizwe ziwani. Naye hakusikilizwa.

Kisha kuna mito yenyewe. Huku Bunyala tunaishi nyuma ya matuta yaliyojengwa kuzuia Nzoia isitufunike, na anayetaka kuyabomoa hajawahi kubeba watoto usiku maji yakiwa kiunoni. Siombi yabomolewe. Lakini matuta hayohayo yameutenga mto na mbuga za nyasi ambako samaki walitaga na vifaranga wakakulia. Wahandisi wanaweza kuweka milango ya maji kwenye tuta, ikafunguliwa msimu wa kutaga na kufungwa maji yakizidi. Kule kwenye mto Sondu-Miriu maji huchepushwa kupitia handaki ili kuzalisha umeme, megawati 60, na kipande cha mto kilicho chini ya banio hubaki na maji yale tu yaliyoachiwa. Umeme tunautaka. Ila Sheria ya Maji ya 2016 inatambua kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya watu na viumbe wa majini. Kiasi hicho kinapimwa na nani kila siku, na kinatangazwa wapi?

Nchi nyingine zimepita njia hii. Katika jimbo la Washington, Marekani, mto Elwha ulizibwa kwa mabwawa mawili, la kwanza likikamilika mwaka 1913, bila njia ya samaki kupanda. Samaki wa salmoni wakakwama chini kwa takriban miaka mia moja, na watu wa kabila la Klallam wakanyimwa chakula chao. Mabwawa hayo yaliondolewa kati ya 2011 na 2014, na salmoni wakaanza kupanda tena hadi sehemu ambazo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuwaona. Salmoni wengi wa Pasifiki hufa baada ya kutaga. Ningu wetu hurudi ziwani, akapanda tena msimu mwingine, kwa hiyo kila jike tunayemwacha apite anatulipa zaidi ya mara moja.

Najua watafiti wa Uganda wameweza kumtagisha ningu kwenye vituo vya kufugia, na ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo vifaranga hao wakiachiwa kwenye mto ambao mlango wake umejaa nyavu, tutakuwa tunawalisha wavuvi haramu kwa fedha za umma.

Omena hupewa mapumziko kuanzia Aprili hadi Julai, na wavuvi wamezoea. Tunaomba milango ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja ifungwe vivyo hivyo kwa nyavu za aina zote mvua za masika na za vuli zinapoanza, na vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo (BMU) vilipwe kwa kulinda, maana kazi ya usiku ya kujitolea haidumu. Tunaomba kila banio na kila bwawa linalopangwa kwenye mito hii lisipewe kibali mpaka mchoro uonyeshe samaki watapitia wapi, na mchoro huo ubandikwe ofisi ya chifu tuusome. Na makala yale ya 1959 yatafsiriwe kwa Kiswahili na Kijaluo, yagawiwe fuo zote, kwa sababu wanaoamua pa kutega wavu ni wavuvi, na hawajawahi kuyaona.

Masika hayako mbali. Agizo la kufunga milango ya mito linaweza kutiwa sahihi kabla ya mvua ya kwanza.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Bunyala