Mwambie Mama ni blenda

London, 14 Septemba 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Wazima? Watoto? Mguu wa mumeo? Ile nyumba ishaezekwa? Basi salamu zimeisha, zilizobaki jazia mwenyewe, maana nina jambo na nataka ulifanye leo kabla ya alasiri.

Nenda kwa Mama. Mwambie sijakamatwa.

Kanipigia juzi saa kumi na mbili asubuhi za huku, analia, ati kwenye shughuli ya kina Bi Tatu, Kibibi kamwonyesha picha kwenye simu, mimi huyo katikati ya mapolisi, bango mkononi. Habari ilipopita Ngamiani nilikuwa nimeshavuliwa ushungi. Ilipofika Chumbageni nimeshafungwa miaka 14 kwa ugaidi, na mume kaniacha. Mume gani, Mwanaidi? Wangenipa kwanza huyo mume.

Sasa sikiliza. Picha ni yangu. Bango si bango, ni katoni. Ndani ya katoni mna blenda. Blenda ni ya Mama.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 6. Nimetoka kazini kwa Bi Mzungu wangu, nikapitia dukani nikanunua hiyo blenda, nikaifunga na kamba ya mzigo nikaikaza kama mtu anayebeba kuni. Basi likatuteremsha kabla ya daraja la Westminster, barabara imefungwa, nikasema nitembee mpaka stesheni. Kufika ule uwanja wa mbele ya Bunge, loh! Watu wamekaa chini kwenye nyasi, mamia kwa mamia, kila mmoja na kipande cha boksi. Na usidhani ni vijana wa kurusha mawe. Wengi vizee! Mvi kama sufi, mikongojo, viti vya kukunja, chupa za chai. Ungesema wanasubiri pensheni. Polisi wanapita baina yao, wanainama, wanasoma kile kipande cha boksi, wanaita wenzao, wanambeba mtu watu wanne, huyu mkono huyu mguu. Waliosimama pembeni wanazomea.

Polisi mmoja kijana akanitazama. Halafu akaitazama katoni. Mwanaidi, akaisoma! Akainamisha kichwa akasoma ule mshale na yale maneno ya upande huu juu, akasoma wati, akasoma jagi linachukua lita ngapi, kisha akacheka. Nami nikacheka, magoti yakigongana, akanionyesha njia ya stesheni. Hapo ndipo mpwa wa Bi Tatu, ambaye sijui alikuwa akitafuta nini pale na kwa nini asiniite kama mtoto aliyelelewa, akapiga picha akaitia stetasi. Kisa chote ndicho hicho. Kilichozidi ni pilipili ya Kibibi.

Lakini nikwambie kweli, tangu siku ile usingizi wangu si mzuri, wala si kwa sababu ya picha. Ni ule usomaji.

FFU wa kwetu, wale polisi wa kutuliza ghasia, unawajua. Wakishashuka kwenye gari hawasomi, hata ukibeba bango la kumpongeza Rais utakula kirungu, maelezo baadaye. Wa huku wanasoma kwanza. Na mtihani wao si mwepesi. Mabango ya siku ile yalikuwa na sentensi mbili: napinga mauaji ya kimbari, naunga mkono Palestine Action, lile kundi la kuwatetea Wapalestina lililopigwa marufuku. Ya kwanza kaa nayo mpaka Magharibi, hakuna wa kukugusa. Ya pili ni ugaidi tangu tarehe 5 Julai, kwa sababu mwezi Juni watu wa kundi hilo waliingia kambi ya jeshi la anga ya Brize Norton wakazimwagia rangi ndege mbili. Haya, kuharibu ndege ya jeshi ni kosa, mfunge aliyeshika rangi, sheria yake ilikuwepo tangu zamani. Lakini padri mwanamke wa miaka 83 kamwagia nini? Naye alichukuliwa, siku ileile marufuku ilipoanza. Na siku niliyopita mimi na blenda yangu walikamatwa watu 890. Harusi ya Kibibi watu hawakufika 300 na pilau liliisha.

Ile miaka 14, kwa bahati mbaya, Kibibi hakuitoa kichwani. Ndiyo adhabu ya juu ya kuliunga mkono kundi kama hilo. Wenye mabango wengi wanashtakiwa kwa kifungu chepesi zaidi, mwisho miezi 6. Usimwambie Mama hilo.

Ngoja nikuchekeshe. Mwezi wa Agosti palepale walimkamata mtu kavaa fulana iliyoandikwa Plasticine Action. Plasticine, shoga! Ule udongo wa rangi wa watoto wa chekechea! Na juu yake kachorwa Morph, kile kisanamu cha udongo kilichoanza kwenye televisheni yao ya watoto miaka ya 1970, Mwingereza wa rika letu kakua nacho kama sisi tulivyokua na sungura na fisi. Fulana yenyewe ilikuwa inapinga katuni za kutengenezwa na akili mnemba. Polisi kasoma mwanzo na mwisho, katikati kajazia mwenyewe, kama Rama alivyokuwa akisoma juzuu mbele ya maalim. Wakamchukua. Baadaye wakasoma vizuri, wakamwachia. Ni sawasawa na mtu akamatwe Tanga kwa fulana ya Chama cha Mapishi.

Namsimulia Bi Mzungu naye ndiyo kwanza anafungua mdomo. Ati 2022, Malkia alipofariki, wakili mmoja alisimama uwanja uleule na karatasi tupu. Tupu kabisa. Polisi akamfuata akataka maelezo yake, akamwambia ukiandika hapo kwamba huyu si mfalme wako unaweza kukamatwa. Kwa hiyo wanasoma hata kisichoandikwa! Mwaka uliofuata, siku ya kumtawaza Charles, tarehe 6 Mei, wakawachukua wale wasiotaka ufalme asubuhi hata farasi hawajatoka, kosa ni kamba za mizigo walizofungia mabango. Sheria mpya, ina siku tatu tu tangu ianze kazi, inakataza kubeba kitu cha kujifungia mahali. Polisi wakaja kusema wanasikitika, Mfalme keshavaa taji. Sasa fikiria mimi na katoni yangu yenye maandishi na yenye kamba. Makosa mawili kwenye blenda moja.

Na muziki je? Hii ndiyo niipendayo. Vijana wao walikuwa wakikesha kwenye mashamba na maspika, kama vigodoro vyetu ila kwenye matope. Mwaka 1992 wakajaa Castlemorton wiki nzima, maelfu kwa maelfu, wenye vijiji vyao hawakulala. Bunge likakaa, na 1994 likatunga sheria iliyoeleza kabisa muziki wenyewe ni upi: sauti ambazo zote au nyingi zake ni mfululizo wa midundo inayojirudiarudia. Wazee wenye mawigi waliandika hivyo kwenye sheria ya nchi! Kuna kundi, Autechre, likatoa santuri mwaka uleule, wimbo mmoja wakaupindapinda mdundo usijirudie, na kwenye kasha wakawashauri wapigaji wawe na wakili na mtaalamu wa muziki wa kuwatetea. Ngoma yetu ya baikoko ingetungiwa kifungu chake peke yake.

Na bado jioni nakaa na Bi Mzungu mbele ya televisheni, mchekeshaji anamvua nguo Waziri Mkuu saa tatu usiku, anamwigiza sauti, anamwigiza mwendo, familia ya Mfalme nayo haisalimiki, halafu linakuja tangazo la biskuti. Bi Mzungu anacheka mpaka anakohoa, nampa maji. Nikamuuliza, mbona huyu habebwi mikono na miguu? Akaniambia, huyu analipwa, mwanangu.

Jumatatu yake, tarehe 8, yule mchoraji anayejificha, Banksy, kachora ukutani kwa mahakama kuu jaji mwenye wigi anamshindilia nyundo muandamanaji aliyelala chini, bango lake lina damu. Wakalifunika, wakaweka walinzi, Jumatano wakausugua ukuta. Kikabaki kivuli, na sasa watu wanakwenda kupiga picha kivuli. Nami nilikwenda, ndiyo, lakini mikono mitupu, wala kipochi sikubeba. Na nikupe siri: majaji wa huku hawana nyundo. Hawajawahi kuwa nazo. Hizo ni za sinema za Kimarekani. Mchoro mzima wa kuishitaki mahakama ya Uingereza na silaha yenyewe imeazimwa Hollywood.

Nilisahau washawasha, yale magari ya polisi ya kurushia watu maji! Unajua hawa walinunua washawasha? Boris Johnson alipokuwa meya wa London, 2014, kanunua tatu mitumba kutoka kwa polisi wa Ujerumani. Akaenda redioni akasema yuko tayari yeye mwenyewe kupigwa maji aonyeshe hayaumizi. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani, akayakagua akakuta kasoro 67, akakataa yasitumike. Yakakaa mpaka meya aliyefuata akayauza chuma chakavu, pauni 11,025 yote matatu, wakati yalishakula zaidi ya pauni 300,000. Bora angetununulia mablenda.

Ndiyo hayo. Plagi zao na zetu ni moja, miguu mitatu, hiyo blenda itaingia ukutani kwa Mama bila adapta, na sheria za maandamano ni hivyohivyo, walituachia zao. Sisi tunatakiwa kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Wao, kwa kuandamana barabarani, siku 6. Mwanafunzi tumempita mwalimu, ukihesabu kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye lenyewe, maana naona nazunguka.

Bi Mzungu anataka nimpeleke.

Ana miaka 84, miguu haimbebi. 1982 alikuwa Greenham Common, wale wanawake 30,000 walioshikana mikono kuizunguka kambi ya makombora ya Marekani, na anasema alirudi tena na mkasi wa kukatia seng'enge akiwa na mtoto mgongoni. Picha anayo, nimeiona, mtoto kavaa kofia ya sufi. Ananiambia wenzake wataketi tena uwanjani, yeye atakaa na bango lake, mimi kazi yangu ni kusukuma kiti tu. Kishaandika na bango lenyewe, ameliweka nyuma ya kabati la sahani, na kila nikitoa sahani linaniangalia.

Yeye akikamatwa atapewa chai na blanketi, kesho yake yuko gazetini anatabasamu. Mimi nina viza ya kazi. Mimi nitapewa tiketi. Na kiti hakina maandishi, lakini mtu anayesukuma kiti cha mtu mwenye maandishi anasomwaje? Nimeangalia mikono yangu kwenye vile vishikizo nikajiuliza kama ndiyo sentensi ya kwanza au ya pili. Nikikataa, atampata mwingine asiyejua kumkinga upande wa kushoto anapochoka, na ataanguka. Nikimwambia mwanawe, nitakuwa nimemchoma mama wa mtu. Kuna siku nilianza kumwambia hapana, akanitazama tu, akasema wewe unayo ya kupoteza, mimi sina, ndiyo maana niende mimi. Nikashindwa kujibu, nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sijamwambia mtu hili ila wewe.

Basi nisaidie. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mumeo, ambaye alisoma sheria mwaka mmoja na nusu, anasemaje kuhusu msukuma kiti, au mguu umemsahaulisha? Nimpeleke mpaka ng'ambo ya barabara niachie hapo, ni uoga au ni akili? Nyie huko mkiambiwa maandamano siku hizi nani anatoka? Yule binti wa Mzee Tuwa bado anaandika yale mambo yake, au keshanyamazishwa? Bi Tatu kamfunza nini yule mpwa? Na Kibibi, kwa jina la Mungu, nani kampa bando?

Blenda itapanda kontena mwisho wa mwezi, Dar itashuka kwa kaka yako, atakupandishia basi la Tanga. Ukiipokea usiifungue. Mpelekee Mama na katoni yake vilevile, mshale juu, na kamba, mweke karibu na ile picha alinganishe mwenyewe.

Wako,
Zuhura