Ile mistari kwenye picha yako

Titusville, Florida

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Nyumbani hawajambo? Goti la mama limetulia? Mimi mzima, alhamdulillahi. Miezi mitano sijakujibu, niwie radhi. Picha yako ya nyota za Kilimia niliiona siku ileile, na ile mistari mitatu iliyoikata. Nilikosa neno la kukwambia.

Jana nimeona roketi ikiruka. Falcon 9, magharibi imeshaingia, tumesimama kando ya maji ng'ambo ya kituo. Mwanga ulitangulia, kimya kabisa. Mngurumo ulikuja karibu dakika nzima baadaye, nikausikia kifuani kabla ya masikioni. Ikapanda mpaka ikalikuta jua ambalo sisi huku chini lilikwishatuchwea, moshi wake ukawaka mweupe, ukatanda kama konyeza wa baharini. Nililia, Bakari. Nilimkumbuka marehemu mzee wako akitusimulia setilaiti ya Uhuru ilivyorushwa pale baharini kwetu Ngomeni, 12 Desemba 1970, ikachunguze eksirei za nyota.

Ile ilipanda ili tuone zaidi. Hii ya jana ilibeba setilaiti za intaneti za Starlink, na jua lililoupamba moshi wake ndilo linalochora mistari yako. Zikiwa juu kilomita 500 hivi, usiku wetu unaingia zenyewe bado zinamulikwa. Zilianza sitini, mwezi wa Mei 2019, leo ni maelfu. Wamejaribu kuzipaka rangi nyeusi na kuzitilia vizuizi vya jua, zimefifia, hazijapotea. Hata darubini kubwa ya Rubin kule Chile haisalimiki. Na wanaotafuta asteroidi, ile miamba ya angani, za upande wa jua wana nafasi jioni na alfajiri tu, saa zilezile zinapong'aa.

Siwezi kusema zisirushwe. Dada yako kule Kipini anafundishia intaneti hiyohiyo. Lakini anga hili si la kampuni moja, na aliyetangulia kurusha hakuuziwa peke yake. Picha yako haitoki kichwani.

Ulipiga saa ngapi? Umejaribu usiku wa manane, zinapokuwa kivulini mwa dunia? Novemba saa hizo Kilimia huwa juu kabisa. Na kwa nini usipige picha nyingi fupifupi, zenye mistari uzitupe, zilizobaki uziunganishe? Lile jukwaa la San Marco lililorusha Uhuru bado mnaliona mkienda kuvua? Watoto wa Ngomeni wanajua lilifanya nini?

Nijibu upesi, usinilipize miezi mitano.

Nduguyo,
Athmani