Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gari ya Wazi Ambayo Bado Hatujainunua

Ndugu wanachama wa chama chetu cha gari za kale, Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum.

Katika mkutano mkuu uliopita mliituma kamati itafute gari moja ya kale ya wazi, yenye paa la turubai la kukunja, iwe mali ya chama na itumike kwa maharusi, mapokezi na misafara. Mwaka umekwisha na gari haijapatikana. Fedha zipo kama mlivyoziacha, mhazini atawasomea hesabu baada yangu. Sehemu kubwa ya taarifa hii inaeleza kwa nini tulizikataa gari tulizoletewa, maana wapo kati yenu wanaotafuta za kwao, na ni vyema wasinase kwenye mtego ambao chama kimeukwepa.

Niyamalize kwanza madogo. Msafara wa Makunduchi ulikwenda salama, ukiacha gari zilizochemsha, na zote zilikuwa na maradhi mamoja: rejeta iliyoziba kwa chokaa. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Kila yakipata moto ndani ya injini huacha ganda jeupe kwenye vijibomba, sawa na lile linaloganda ndani ya birika la chai. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa au maji safi ya kuongezea betri (si asidi!), nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rejeta. Wapo wanaodai kulanti ni ya nchi za baridi. Huku kwetu kazi yake ni kuzuia kutu ndani ya injini na kuchelewesha maji kuchemka. Ghala la spea lina plagi, platini na mipira ya breki. Majina ya wasiolipa ada katibu anayo kwenye daftari, na hatayasoma hadharani, mwaka huu.

Sasa gari ya wazi.

Wengi wenu mlitaka Morris Minor, na sababu inajulikana. Ilisanifiwa na Alec Issigonis, yule yule aliyeileta Mini baadaye, ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, na ile ya wazi iliendelea kutengenezwa mpaka 1969. Wazee wa Mjini wanakikumbuka kidole cha rangi ya chungwa kilichochomoza ubavuni dereva akitaka kukata kona, kabla ya taa za kuwakawaka kuja mwaka 1961. Wanalikumbuka pia hendeli la kuamshia injini asubuhi betri ikiwa imelala. Kumbukumbu hizi ndizo zinazopandisha bei, na ndizo zinazomfanya mnunuzi atazame rangi na usukani badala ya kulala chini na tochi.

Kamati ilijiwekea kanuni moja: tunanunua bodi, injini ni nyongeza. Injini ya Morris fundi mzuri huifungua na kuifunga kwa siku chache, na spea zake mpaka leo zinatengenezwa Uingereza. Bodi iliyooza ni kazi ya miaka.

Kwenye gari ya kawaida paa hushikilia bodi kama mfuniko unavyoshikilia sanduku. Ukiliondoa, uzito wote wa katikati unabebwa na sakafu pamoja na maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango. Kwa hiyo Morris ya wazi ilitoka kiwandani na vipande vya kuiimarisha, ndani ya maboksi hayo na pembeni chini ya dashibodi. Na kwa kuwa ya wazi ina bei kubwa kuliko ya paa la bati, wapo waliochukua ya milango miwili, wakalikata paa, wakashona turubai, wakaita ya wazi. Gari ya namna hiyo hujikunja njiani kama jamvi. Dawa yake ni kufungua boneti na kusoma kibati cha namba. Kwenye Minor 1000, toleo la baadaye la Morris hii, namba ya iliyozaliwa wazi huanza na MAT. Ya milango miwili yenye paa huanza na MA2S. Kisha ingiza mkono chini ya dashibodi uvitafute vile vipande. Moja kati ya tulizoletewa ilikuwa na turubai zuri ajabu, viti vya ngozi, na kibati cha MA2S.

Kipimo cha pili hakina gharama. Gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, fungua na ufunge mlango, utazame nafasi kati ya ukingo wake wa nyuma na bodi. Halafu iinue kwa jeki upande huo huo, ufungue tena. Ikiwa nafasi imebadilika, au mlango umegoma kufunga, bodi inapinda katikati. Muuzaji atasema ni bawaba. Bawaba iliyolegea huufanya mlango uning'inie hata kabla ya jeki, kwa hiyo tofauti inaonekana.

Kipimo cha tatu ni sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Ipitishe kwenye maboksi, chini ya madigadi na pembe za sakafu. Pale isiposhika pana puti ya kuzibia, si bati. Lami nyeusi iliyopakwa chini ya gari isiwapumbaze. Ikipakwa juu ya bati lenye unyevu wa chumvi, kutu huendelea kula kwa siri, na lami inakuwa ndiyo sakafu. Bonyeza kwa bisibisi, muuzaji akikataa muage.

Anayetaka kununua iliyooza akaichomelea mwenyewe ajue mpangilio wa kazi, maana hapa ndipo gari nyingi zinapofia gereji. Kabla hujakata boksi, chomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma. Gari ikae juu ya stendi zilizowekwa chini ya difu (gia za ekseli ya nyuma) na mikono ya magurudumu ya mbele, springi zikiwa zimebeba uzito wake. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Fundi anayekata pande zote mbili kwa pamoja anakurudishia gari ambayo milango yake haitafunga tena.

Triumph Herald, nayo gari ya kale ya Kiingereza, ni habari nyingine. Yenyewe ina chasisi ya peke yake, na bodi imefungwa juu yake kwa boliti, vipande vipande. Hata paa la ile ya kawaida hufunguliwa kwa boliti, kwa hiyo aliyeigeuza kuwa ya wazi amekudanganya bei tu, hajakuhatarishia maisha. Kutu itafutwe kwenye chasisi, hasa mikono ya pembeni inayobeba bodi na sehemu ya nyuma karibu na difu. Sifa yake kubwa kwa barabara za Vuga na Malindi ni kugeuka: duara lake ni la mita 7.6 hivi, dogo kuliko la gari nyingi za leo.

Morris na Herald zote zina tranioni, kile kipande chenye nyuzi ambacho mguu wa gurudumu la mbele huzungukia kwa chini. Nyuzi zikiisha, mguu hukatika au huchomoka, gurudumu likalala chini ya digadi. Ya Morris inataka grisi, kila maili 1,000 kwa mujibu wa watengenezaji, yaani kilomita 1,600. Ya Herald inataka oili nzito ya gia, EP90, wala si grisi, kwa sababu grisi haishuki mpaka nyuzi za chini, maji yanabaki humo, na chuma kinaliwa kimya kimya. Mafundi wetu wengi hupiga grisi kila wanapoona chuchu ya grisi. Simameni pale pale wakati wa kazi.

Breki za gari zote hizi ni za njia moja: ukivuja mpira mmoja, hakuna breki hata gurudumu moja. Silinda kuu ya Morris imekaa chini ya sakafu ya dereva, penye matope na maji ya chumvi. Kanyaga pedali, ishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, mipira imekwisha. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwa hewa yetu tunashauri yabadilishwe kila mwaka. Wenzetu wa Pemba, kwa miteremko mliyonayo, shukeni kwa gia ya pili. Ngoma ndogo za mbele zikipata moto pedali hubaki ngumu lakini gari haisimami.

Umeme wa Morris una jambo moja lililokwishaunguza vitu vingi: chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Fundi aliyezoea gari za Kijapani hufunga hasi kwa mazoea, na redio au kifaa chochote cha kisasa kilichomo kinakufa hapo hapo. Andikeni kwa rangi pembeni ya betri.

Wanachama vijana walipendekeza Mazda MX-5 ya wazi, ile ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster tangu 1989. Usukani wake uko kulia. Wazee walicheka, wakauliza tangu lini Mazda ni ya kale. Imeshapita miaka 30, na wakati Morris ina umri huo hakuna aliyeicheka. Hata hivyo mbili tulizozifuatilia tuliziacha baada ya kusoma karatasi zake za mnada wa Japani. Mjifunze kuzisoma: kwenye mchoro wa gari, S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula bati, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, U ni bonde, na daraja R ni gari iliyopata ajali. Zote mbili zilikuwa na S na C mbele ya magurudumu ya nyuma. Ndipo maji ya paa yanapopitia kwenye vijibomba nyuma ya milango; vikiziba kwa majani, maji huhamia ndani ya boksi. Aliyenayo tayari apitishe waya laini mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Na kioo chake cha nyuma ni cha plastiki, kifunguliwe zipu kabla ya kulikunja paa, la sivyo kinavunjika mstari.

Kuhusu turubai, msilikunje likiwa bichi: usiku mmoja unatosha kuleta ukungu, na madoa yake hayatoki. Uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa, dai uzi wa polista. Anayeshona matanga ya ngalawa anaijua mishono ya kukunja mara mbili isiyopitisha maji kuliko mshonaji wa viti, na kamati imeona kazi ya namna hiyo ikitoka vizuri.

Gari zinazovuka kwa meli kwenda Mkoani zioshwe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) siku hiyo hiyo, chini kwanza, kisha juu.

Kamati inaomba mkutano uamue kati ya Herald na Mazda; Morris iwekwe kando mpaka ipatikane yenye kibati cha MAT na maboksi mazima. Mwenyekiti anapendelea Herald na hafichi. Kwa yoyote itakayopita, tunaomba fedha zisitoke mpaka watu watatu wa kamati, mmoja wao akiwa fundi bodi, watie saini kwamba wameiinua kwa jeki na kufungua milango yote. Wakala wa forodha atoe hesabu ya ushuru kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza, kwa kuwa umri wa gari huongeza ushuru na bei ya mnada peke yake haisemi kitu. Gereji ya kuiweka, yenye sakafu ya saruji na isiyoelekea bahari, imeahidiwa na mwanachama wa Mtoni bila ya kodi kwa mwaka wa mwanzo.